Kisa chenye pengo ndicho huzaa riwaya

Ndugu muulizaji, umetaka kujua waandishi wa riwaya huzitoa wapi hadithi zao, na kama mtu anaweza kukaa tu mezani akazisubiri zimjie. Nimekuwa nikiandika riwaya kwa muda mrefu, na kwa uzoefu wangu visa si adimu hata kidogo: vimejaa magazetini, katika majalada ya mahakama na katika maongezi ya jamaa. Kilicho adimu ni kisa chenye pengo, yaani kile ambacho ukishakisikia unabaki na swali ambalo hata msimulizi wake hawezi kulijibu.

Chukua Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Alipokuwa mhariri, akishughulikia kitabu cha The Black Book kilichotoka mwaka 1974, alikutana na habari ya gazeti la kale kuhusu Margaret Garner, mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na ambaye, alipozingirwa na waliokuja kumkamata, alimuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Habari ile ilieleza lililotokea, lakini haikuweza kueleza mama huyo angeishije na nafsi yake baada ya hapo, wala mtoto angesema nini lau angepata kusema. Ndani ya pengo hilo ndimo ilimotoka riwaya yake Beloved, mwaka 1987. Tena, na hili wanaoanza kuandika hulipita haraka mno, Morrison hakutaka kumchimbua sana Garner mwenyewe. Alichunguza utumwa na zana zake, bali maisha ya mhusika wake alitaka kuyabuni.

Mwandishi wa riwaya Henry James naye alisimulia jinsi alivyomsikia bibi mmoja, wakiwa mezani kwa chakula, akimtaja mama aliyegombana na mwanawe kwa sababu ya samani za nyumba. Maneno machache yalimtosha, na bibi yule alipoendelea kueleza mambo yalivyokwisha, James aliona anaharibiwa riwaya yake.

Kwangu mimi, riwaya niliyoiandika kwa raha zaidi ilianza katika chumba cha kusubiria daktari, ambako mwanamke mmoja alisema kwenye simu kwa sauti ya chini: “Usimwambie mama kwamba nimesharudi.” Sikujua alikuwa amerudi kutoka wapi, wala kwa nini mama asijue, na nashukuru kwamba jina lake liliitwa kabla sijashawishika kumsemesha. Mama, ambaye katika rasimu ya kwanza hakuwa na jina, ndiye aliyegeuka kuwa mhusika mkuu, kwa kuwa nilianza kujiuliza ingekuwaje kama alijua tangu mwanzo na akaamua kunyamaza. Sentensi yenyewe haimo katika mswada wa mwisho. Niliifuta kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Kinyume chake, kuna mgogoro wa urithi katika ukoo wetu ambao naujua mwanzo hadi mwisho, na kila ninapojaribu kuuandika, ukweli hunisahihisha kabla mhusika hajafungua kinywa.

Wapo watakaokuambia kwamba hadithi huja kwa ndoto, na watamtaja Mary Shelley, aliyeona taswira ya riwaya yake Frankenstein akiwa kitandani karibu na Geneva mwaka 1816. Ni kweli, ila yeye mwenyewe alieleza kwamba kabla ya kulala alikuwa amewasikiliza washairi Byron na Percy Shelley wakijadili asili ya uhai, na kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akitafuta hadithi ya kutisha ya kushindania na wenzake. Kwa hiyo kusubiri kunafaa, mradi kichwa kiwe tayari kimebeba swali.

Ndiyo maana katika daftari langu siandiki kisa chote ninachosimuliwa. Naandika lile swali tu, na msimulizi akikaribia kunieleza mwisho, hubadilisha mazungumzo.