Tapeti kava ya Datsun 240Z: usinunue mpya kwanza

Kama tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, imebambuka rangi, isafishe na uipake rangi upya. Kava ya L24, injini ya 240Z, ni alumini ya kumiminwa, kwa hivyo rangi ikibambuka chuma chenyewe huwa bado kizima. Nunua nyingine tu kama ina ufa, au nyuzi za bolti zimekwisha.

Kitu ninachokuomba sana: usikubali ipigwe mchanga kwa mashine ya upepo bila kufunguliwa. Ndani kuna bati la kuzuia oili, na punje za mchanga hujificha nyuma yake hata uoshe vipi. Injini ikipata moto zinashuka na oili mpaka kwenye kemshafti na beringi. Nafanya kazi hii hapa Nakuru, na injini iliyokula mchanga ni hasara chungu. Tumia dawa ya kutoa rangi na brashi ya nailoni. Kostiki soda usiiguse, inakula alumini.

Ikikauka, ilaze juu ya kioo uone kama imepinda. Rangi iwe ya kustahimili joto na oili, na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga. Weka gasketi mpya, kaza bolti ukianzia katikati kwenda pembeni, pole pole, maana alumini hung'oka nyuzi haraka.

Ila kama gari ni Porsche 911 ya zamani, uliza kwanza kava ni ya metali gani: baadhi ya kava zake ni magnesi, na vumbi lake linashika moto. Hiyo usiipige grainda.