Maswali ya Wasomaji: Binti Asiyewahi Kugusa Kompyuta

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Binti yangu amehitimu kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na amepata nafasi ya kusomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Hesabu anaziweza, ila hajawahi kukaa mbele ya kompyuta hata siku moja, na baba yake anasema heri aende Mkwawa akasomee ualimu, kwa kuwa wavulana watamwacha nyuma. Tufanyeje? — Mama wa Mafinga, Iringa

JIBU: Marahaba, mama. Ualimu ni kazi ya heshima, na kama binti angeupenda ningemwombea heri. Lakini kuacha alichokichagua kwa sababu tu hajakizoea ni jambo ambalo siwezi kuliunga mkono, kwa kuwa mazoea na uwezo ni vitu viwili tofauti.

Wanawake hawakuanza jana kazi hii. Kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa hadharani nchini Marekani mwaka 1946, walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita. Mwaka 1984, wanawake walipata takriban asilimia 37 ya shahada za kwanza za sayansi ya kompyuta nchini humo, kisha kiwango kikaporomoka hadi chini ya asilimia 20. Waliochunguza jambo hilo wanataja, miongoni mwa sababu, kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, ambazo wazazi waliwanunulia zaidi watoto wa kiume. Wavulana wakafika chuoni wakiwa wamekwisha kuzichezea miaka mingi, na wahadhiri wakayaona mazoea hayo kuwa ni kipaji. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipoacha kuutilia uzito uzoefu wa awali katika udahili, na kuwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza madarasa ya kuanzia yanayolingana na walichokijua, wanawake waliojiunga na sayansi ya kompyuta walipanda kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Naomba umsomee baba yake aya hii, kwa utulivu na kwa heshima anayostahili, kwa sababu hofu yake inatokana na mapenzi.

Kabla chuo hakijafunguliwa, mpelekeni kwenye duka la huduma za kuchapa hapo mjini, aombe kusaidia kuchapa barua na kuhifadhi mafaili. Vidole vitazoea kibodi. Kisha aanze kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo ni ya bure na inaweza kuandikwa hata kwenye simu janja. Ajipe kazi anayoielewa: aandike programu ya kikoba chenu, inayopokea hisa za kila mwanachama, inayotoza faini kwa aliyechelewa na kuonyesha jumla mwisho wa mwezi. Atasahau alama ya nukta mbili mwishoni mwa mstari, na programu itakataa kwenda huku ikitoa maneno ya kosa asiyoyaelewa. Aliyezoea huyasoma, hurekebisha mstari na kuendelea. Mgeni hudhani ameshindwa somo zima. Mwambieni mapema kwamba maneno hayo humwelekeza mahali pa kutazama, na kwamba hata mtaalamu wa miaka ishirini hukutana nayo kila siku.

Jambo jingine nalisisitiza kwa moyo wote. Katika kazi za vikundi, mara nyingi msichana hupewa jukumu la kuandika ripoti kwa kuwa ana mwandiko mzuri, huku mvulana akishika kibodi. Asikubali mgawanyo huo uwe wa kudumu, maana ujuzi unabaki kwa yule aliyeshika kibodi.

SWALI: Nina stashahada ya TEHAMA na ninatengeneza mfumo wa mauzo kwa maduka ya pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Benki inataka dhamana ya nyumba, nami ni mpangaji. — Dada wa Mbeya

JIBU: Dada yangu, anza na ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Wanawake hukopeshwa kupitia vikundi, kwa hiyo tafuta wenzako mnaoaminiana katika fedha, kwa kuwa deni litakuwa la wote. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao.

Lakini kabla ya kukopa, mfumo wako utumike kwanza katika duka moja kwa msimu mzima. Mwenye duka hununua mbolea kwa mfuko wa kilo 50 na kumpimia mkulima kilo tatu. Mfumo usiojua kuufungua mfuko ukawa kilo utaharibu hesabu ya bidhaa tangu wiki ya kwanza. Vilevile wako wakulima wanaochukua mbegu leo na kulipa baada ya mavuno. Kaa dukani, litazame daftari la madeni jinsi mwenyewe anavyoliandika, na ukurasa huo uwe wa kwanza kuuingiza katika mfumo, kisha umtoze ada ya mwezi hata kama ni ndogo, ili ujue kama kweli anauhitaji.