Usikodi huo mtumbwi! (kwa mleta uzi anayekwenda Ukerewe Krismasi)

Mkuu, huyo mwenye mtumbwi usimtumie hata senti. Umeandika unakwenda kula Krismasi ukweni Ukerewe, mara yako ya kwanza, na kwenye grupu la jumuiya umesoma kwamba pantoni ya Kisorya, inayovusha watu hadi gati la Rugezi kisiwani, imekufa mpaka sikukuu iishe. Huo ujumbe uliobandika naujua. Ni uleule! Hata kosa la "pantoin" hawajalirekebisha. Hauna tarehe, na kila Desemba unazunguka grupu hadi grupu kama Mwenge wa Uhuru.

Mimi ujumbe huo ulinikuta stendi ya Bunda na mke, mtoto mchanga wa kubatizwa misa ya mkesha, gunia la mchele na kreti za soda. Ulianza na "Tumsifu Yesu Kristo". Sasa wewe Mkatoliki, tena mzaliwa wa kisiwa kilichotoa baadhi ya mapadri wazalendo wa kwanza wa nchi hii, mwaka 1917, utaanzia wapi kushuku salamu kama hiyo? Nikajibu "Milele Amina", nikawasambazia na ndugu. Ndiyo, nilisambaza. Shusheni mawe.

Admin wetu, mwanakwaya wa sauti ya nne, akanipa na namba ya mwenye mtumbwi, "kijana mwaminifu". Kumbe shemeji yake.

Kisorya tungetembea kidogo tu mpaka gatini tukaangalia. Hatukwenda. Kijana mwaminifu alitudaka kwenye basi, akatupeleka mwaloni kwake, akataja nauli ya kununulia mbuzi. Maboya? Yapo, ila yako ng'ambo. Katikati ya maji injini ikazima. Yeye anavuta kamba na kuitukana, mke wangu anakumba maji kwa kopo la maziwa ya mtoto, mimi nimekumbatia gunia kama vile ndilo linalobatizwa. Hapo ndipo pantoni ikapita. Taa zinawaka, imebeba basi zima, abiria wanatupungia. Nami nikawapungia. Ningefanyaje?

Anayekumbuka kivuko cha MV Nyerere kilivyopinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200, anajua kwamba kule habari ya maji haichezewi. Grupu lilelile likatangaza kuwa mtumbwi wa "familia ya ubatizo" umezama. Tumefika nyumbani usiku, tumelowa chapachapa, tunakuta mama na majirani wanatusalia rozari. Mama akanikumbatia, akanitazama vizuri, akanizaba kibao. Mkesha ulishapita. Mtoto alibatizwa Pasaka. Mchele tuliupika siku ileile, maana kuuloweka ulikuwa umeshaloweka wenyewe.

Nilipomuuliza admin, akasema, "Nilituma kama nilivyotumiwa." Huyo ndiye anayesoma somo la kwanza kila Jumapili, kwa sauti ya kutoa machozi! Angekuwa anausoma na ujumbe namna hiyo kabla ya kubonyeza, mimi leo nisingekuwa na jina la "Yona" kijijini. Bado yuko kwenye grupu. Bado ni admin.

Sheria yangu ni moja: habari ya pantoni muulize mtu aliyesimama gatini anayeiona kwa macho yake. Mama ntilie wa Rugezi, bodaboda, mkata tiketi, yeyote. Muulize sasa hivi iko upande gani na imepakia nini. Akianza na "nasikia", kata simu, mtafute mwingine. Hata ujumbe uanze na Zaburi nzima, piga gatini. Na kama kweli imeharibika, rudi Mwanza upande meli ya kwenda Nansio, kisiwani. Mtumbwi na familia, hapana, hapana, hapana.

Uliuliza na mambo ya zawadi za wakwe sijui nini, watakuja wengine kukujibu. Ukweni ni upande gani? Kama ni Murutunguru au Bukindo njoo PM, nina mtu wangu anauza chapati pale Rugezi, anaiona pantoni akiwa jikoni.