Mbuzi wa Jumamosi ya mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, marafiki wanaweza kushindana kwa haki wakati wote wanajua nani kati yao ni bora?" Mimi ni mshika daftari wa kikundi cha gofu hapa Moshi, na kusuluhisha ugomvi wa aina hiyo ndiyo kazi yangu isiyo na mshahara. Naomba nafasi.

Tuko kumi na mmoja, wachezaji wa ridhaa sote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaanza saa moja asubuhi, kabla mlima haujajifunika mawingu, na tunazunguka uwanja wetu wa mashimo 9 mara mbili. Mchango wa kila mmoja unanunua mbuzi. Mbuzi ni mali ya mshindi, ingawa desturi yetu ni kumla pamoja jioni ileile, na mshindi anapewa heshima ya kuchagua kipande cha kwanza.

Aliye bora kwetu ni daktari mwenye hendikapu 6. Kwa msiocheza: hendikapu ni mikwaju unayosamehewa kulingana na uwezo wako, na mbovu husamehewa mingi. Tuna pia mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeshika fimbo ya gofu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 58. Wakati wa kisa hiki hendikapu yake ilikuwa 36, maana yake misamaha miwili kwa kila shimo. Shimo lililopangiwa mikwaju 4, Mwalimu akilimaliza kwa 6 anahesabiwa sawa na Daktari aliyelimaliza kwa 4: pointi mbili kila mmoja, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Daktari anasamehewa mkwaju mmoja tu, na ni kwenye yale mashimo sita magumu zaidi.

Siku hiyo Daktari alipiga mikwaju 77. Mwalimu alipiga 105, kumi kati ya hiyo kwenye shimo moja ambako mpira ulipenda mfereji kuliko nyasi. Nikasoma daftari: Daktari pointi 37, Mwalimu 41.

Daktari alininyang'anya daftari akahesabu mwenyewe, mara mbili. "Mama, hongera sana," akasema, "lakini mtu anapiga kumi kwenye shimo moja halafu anachukua mbuzi?" Nikamweleza kwamba ndiyo maana ya kuhesabu pointi. Shimo likikushinda unapata sifuri, unasonga mbele, halikuzamishi siku nzima. Akauliza ni nani aliyebuni balaa hili. Nikamjibu ni Frank Stableford, Mwingereza, na shindano la kwanza la mtindo huo lilichezwa Wallasey, hukohuko Uingereza, mwaka 1932. Nikaongeza kwamba huyo bwana alikuwa daktari. Hapo wazee walicheka mpaka makedi, vijana wanaotubebea mifuko ya fimbo, wakaja kuona kuna nini.

Basi, haki hiyo ya hesabu ni rahisi, ipo kwenye karatasi. Pagumu ni kwingine. Kwa muda tulikuwa na mwenzetu ambaye siku za kawaida alileta kadi mbaya za kutia huruma, kumbe anaficha uwezo wake ili asamehewe mingi. Siku ya mbuzi anakuwa simba. Alichukua mbuzi wawili katika miezi mitatu. Hakuna aliyemwita mwongo, na naamini tulifanya vyema, maana neno hilo likishatamkwa mezani haliokotwi. Tulipitisha kanuni moja tu: atakayeshinda anakatwa mikwaju mitatu ya msamaha kwenye hesabu za kikundi, awe nani. Alikatwa, akanuna wiki mbili, akarudi. Bado tunacheza naye, na ndiye anayeniandikia kadi mara nyingi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, wanaweza. Aliye bora hajawahi kutusumbua, anajulikana na anapangiwa. Anayesumbua ni yule anayejifanya mbovu kuliko alivyo, na huyo hesabu haimkamati mpaka mjuane vizuri.

Niseme na jambo ambalo si sifa kwetu. Mchezaji bora kabisa wa siku zile hakuwa Daktari, alikuwa kijana aliyembebea mfuko. Tunamuuliza mpira utapinda wapi kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, anatuambia uendako ni kinyume na mlima, na hakosei. Tulipowapa makedi siku yao ya kucheza, alirudisha kadi ambayo Daktari aliitazama kimya kwa muda mrefu. Lakini shindano la mbuzi halijafunguliwa kwao. Nimelileta jambo hili kwenye kikao mara mbili, na mara zote mbili ajenda ikahamia kwenye bei ya mkaa.

Mwalimu naye alikatwa mitatu kama kanuni isemavyo, hakulalamika. Ila desturi ya jioni aliivunja. Mbuzi wa mwezi ule alikuwa jike, kosa la mnunuzi, na Mwalimu alipomkagua akatangaza kwamba hachinjwi mtu hapa. Akampakia kwenye kirikuu, akaondoka naye. Tulikula chipsi mayai, kumi wazima, tukitazama jiko la mkaa lililokwisha kuwashwa.

Mbuzi yule amezaa mapacha. Daktari anadai mmoja kwa zile pointi zake 37, Mwalimu anasema aje amchukue akiweza kumkamata. Suala lipo kwenye daftari, halijaamuliwa.