Jiko la nje kwa gharama nafuu: bana kwenye urembo, usibane kwenye moto

Jiko la nje huharibiwa na vitu viwili: moto na maji. Vigae vikichelewa au kabati likikosa milango, chakula kitaiva vilevile. Lakini meko yaliyojengwa kwa tofali lisilofaa hupasuka mapema, na kaunta isiyo na mteremko hulowa mpaka nondo zikashika kutu. Fedha chache zianzie hapo. Mengine yanaweza kusubiri.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, washa moto mdogo kwenye karai la chuma pale unapopafikiria, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa, utazame moshi unaelekea wapi. Ukiingia dirishani, hama. Meko yakae angalau mita 3 kutoka kwenye ukuta wa mbao, nyasi kavu au matawi. Yaelekeze ili upepo umpige mpishi ubavuni, kwa sababu ukimpiga mgongoni, moshi huzunguka mbele ya kifua chake na kumpanda usoni.

Kwa sakafu ya mita 3 kwa 2, chimba sentimita 20, panga mawe sentimita 15 uyashindilie, kisha mimina zege la sentimita 10. Sakafu itabaki juu ya ardhi kwa sentimita 5, na maji ya mvua hayatapita juu yake. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Mifuko 4 ya kilo 50 inatosha. Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Usikubali zege linalomiminika kama uji. Ni rahisi kulisambaza, ndiyo maana vibarua hulipenda, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu na uso unaobanduka. Lifunike kwa magunia na ulimwagilie siku 7.

Kaunta haihitaji ukuta mzima chini yake. Kwa urefu wa mita 2, miguu 3 ya tofali za bloku inatosha, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 60 na kozi 4, yaani safu 4 za tofali, kwenda juu. Tofali likiwa la sentimita 40 kwa 20 kwa 15, kila mguu unakula 6, kwa hiyo nunua 20. Ukiweka juu yake bamba la zege la sentimita 7, unapata kimo cha sentimita 90 hivi. Mpishi akiwa mfupi, anzia chini zaidi, maana kaunta isiyolingana na mtu humuumiza mgongo kila siku.

Ndani ya bamba tandika nondo za milimita 8 kila sentimita 15, kwenda na kukatiza, zikiwa zimeinuliwa sentimita 2.5 kwa vile vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti. Juu ya mguu wa kati ongeza vipande vichache vya nondo vya sentimita 50 karibu na uso wa juu, kwani hapo bamba huvutwa kutoka juu, na ndipo ufa huanzia. Mbao za chini zinazolishikilia zege la bamba zisitolewe kabla ya siku 14.

Sasa meko. Bloku za saruji zisiguswe na moto hata kidogo. Saruji ikipata joto kali hupoteza maji yaliyoishikilia, ikipoa hunyonya unyevu tena na kuvimba, na baada ya mizunguko kadhaa inapukutika kama chaki. Mawe ya mtoni ni hatari zaidi: maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na jiwe hulipuka. Tumia tofali za udongo za kuchoma, zilizoiva sawasawa. Ukizigonga mbili pamoja zinalia kama kengele. Zinazotoa mlio mzito ziache. Kwa chumba cha moto cha upana wa sentimita 60, kina 50 na kimo 35, tofali 60 za kawaida zinatosha, za kuvunjika zikiwemo.

Gundi yake ni udongo wa mfinyanzi, sehemu 1 kwa mchanga uliochekechwa sehemu 2 au 3. Finyanga tonge la ukubwa wa limau, liache likauke kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Likipukutika ukilisugua kwa kidole, ongeza udongo. Chovya kila tofali majini kidogo kabla ya kulijenga, lisiukaushe udongo ghafla, na maungio yawe membamba, milimita 3 hadi 5. Chini ya tofali za sakafu ya meko weka sentimita 5 za mchanga mkavu au jivu. Kati ya meko na ukuta wa nje unaoyazunguka acha nafasi ya sentimita 1, uijaze jivu: tofali zikipata moto hutanuka, zikikosa pa kutanukia zinausukuma ukuta.

Wavu wa kuchomea usiwe wa chuma kilichopakwa zinki. Moto huitoa zinki kama moshi wenye sumu.

Ukiweka mtungi wa gesi, kabati lake liwe na matundu chini kabisa, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama. Paa la mabati liwe juu, mita 2.4 au zaidi, na pande zibaki wazi.

Meko yakikamilika yaache wiki moja. Kisha washa moto wa vijiti tu, nusu saa kwa siku, siku 3 mfululizo, ukiuongeza kidogo kidogo. Nyufa nyembamba kwenye udongo zitatokea. Zizibe kwa udongo uleule.