Prosesa haitaki kulala? Anza na kadi zilizochomekwa

Mkuu, umesema seva yako ya nyumbani inavuta wati 22 usiku kucha bila kazi yoyote, prosesa inasoma asilimia 1, na umeweka "powersave" lakini hakuna kilichobadilika. Hali hiyo niliipitia mwaka jana, na karibu wiki mbili zilipotea nikitafuta pasipo na tatizo.

Kwanza, "powersave" inahusu kasi ya prosesa, haihusu usingizi wake. Prosesa inaweza kutembea polepole na bado ikawa macho.

Mimi natumia kompyuta ndogo ya ofisini ya mtumba, Intel kizazi cha 8, na inakula umeme wa sola kutoka betri ya 12V 100Ah. Wati 10 zinazopotea kwa saa 24 ni 240Wh, na betri hiyo ikiwa mpya kabisa inabeba 1,200Wh. Yaani moja ya tano inaungua bure. Ndiyo maana sikukubali kuliacha.

Nilifungua powertop (programu inayoonyesha matumizi ya umeme) kwenye Linux, nikaona viini vya prosesa vinalala C7 na C8 (ngazi za usingizi; namba ikiwa kubwa, usingizi ni mzito zaidi) kwa asilimia 98, nikasema prosesa ni nzima. Kumbe nilisoma safu isiyo yenyewe. Kushoto kabisa kuna safu ya Package, ambayo ni prosesa nzima kwa pamoja. Pale nilikuwa na C2 na C3 tu. C6 na ngazi nzito zaidi zote zilikuwa 0.0%.

Chukulia nyumba ya kupanga. Wapangaji wote wamelala, lakini mmoja hajarudi, basi geti halifungwi na taa ya uani haizimwi. Viini vyako vinaweza kulala fofofo, ila kifaa kimoja kwenye njia ya PCIe (inayounganisha kadi na prosesa) kikikataa kusinzia, prosesa nzima inakesha nacho.

Kumjua huyo mpangaji, andika `sudo lspci -vv` usome mistari ya ASPM (utaratibu wa kulaza njia ya PCIe) ya kila kifaa. LnkCap inakuambia kifaa kinaweza nini. LnkCtl inakuambia sasa hivi kimeruhusiwa nini. Kwangu kila kitu kilikuwa na L1 (ngazi ya usingizi ya njia hiyo) isipokuwa kadi ya mtandao niliyoongeza mwenyewe: "ASPM Disabled".

Usikimbilie `pcie_aspm=force`, amri ya kulazimisha ASPM wakati wa kuwasha. Niliijaribu, mtandao ukakatika saa nane usiku, ikabidi niamke nikazime mashine kwa kitufe. Wakati mwingine draiva huzima ASPM makusudi kwa sababu kifaa hakiiwezi vizuri, na ukilazimisha kwenye diski unacheza na data zako.

Nilichofanya ni kuzima mashine, kuchomoa kadi, na kuhamishia waya kwenye tundu la mtandao la ubao mama wenyewe. Nikawasha, nikaingia kwa SSH (kutoka mashine nyingine kupitia mtandao), nikasubiri dakika tano. Package ikafika C8, na kipimo cha ukutani kikashuka kutoka wati 21 hadi 11. Sikugusa kingine chochote.

Kama huna kadi ya ziada, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama) uangalie "Package C State Limit" isiwe imefungiwa kwenye namba ndogo kama C2 au C3. Kisha diski za SATA: faili la `link_power_management_policy` likisoma `max_performance`, badilisha liwe `med_power_with_dipm`. Ile `powertop --auto-tune` inasaidia, lakini inalaza hadi vifaa vya USB. Kibodi yangu ikawa inameza herufi ya kwanza kila nikiiacha kidogo, hivyo kibodi nikairudisha ilivyokuwa.

Tuwekee hapa safu yako ya Package pamoja na mistari ya LnkCtl, na useme ni kadi gani zimechomekwa. Ukipima, chomoa skrini na ufunge kivinjari, maana ukurasa mmoja unaojirudiarudia unatosha kuiamsha prosesa kila mara.