Wale ndege weupe usiwafukuze

Kaka, umeuliza kama hao ndege weupe wanaoandamana na ng'ombe wako huko Mambrui wanawadhuru. La, hawawadhuru. Hao ni yangeyange. Ng'ombe akipiga hatua kwenye majani, panzi wanaruka, na yangeyange yuko pale pale kando ya kwato, shingo mbele, anamnyaka mmoja kabla hajatua. Mimi nimewatazama sana upande wa mto Sabaki: ng'ombe akisimama kucheua, nao wanasimama, akianza kula, wanaanza. Yangeyange akiwa na ng'ombe hupata chakula kingi kwa hatua chache kuliko akiwinda peke yake.

Ila usimtegemee kwa kupe. Akimwona atamdonoa, lakini riziki yake hasa ni wadudu wa majanini. Mla kupe ni shashi, yule wa rangi ya udongo mwenye mdomo mwekundu, anayeng'ang'ania mgongoni na masikioni. Huyo naye ukimwona kwenye kidonda, mfukuze na utibu kidonda, maana hunywa damu na kukizuia kisipone.

La muhimu zaidi ni dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Zile za zamani zenye aseniki ziliwaua shashi wengi, kwa kuwa walikula kupe waliolowa sumu. Kabla hujanunua muulize daktari wa mifugo kuhusu amitrazi, dawa ya kupe ambayo haiwadhuru sana ndege hao. Na tafadhali, mabaki usiyamwage mtoni. Wanakunywa humo ng'ombe, ndege na sisi wenyewe.